Mpanda ngazi hushuka: siku moja ya baiskeli juu ya milima ya Alps

Hebu tuanze na swali rahisi. Umepanda mlima mrefu kwa baiskeli. Jasho linakutoka, mapaja yanawaka moto, pumzi inakatika. Hatimaye unafika juu! Mbele yako ni mteremko mtupu. Je, sehemu ngumu ya safari imekwisha?

Wengi wetu tungejibu haraka, "Ndiyo bwana, sasa ni kuserereka tu!" Jibu hilo limewaponza watu, wengine wakiwa wazoefu kuliko wewe na mimi. Wahenga walisema mpanda ngazi hushuka. Leo tutaona kwamba huko kwenye kushuka ndiko mwili unakoweza kukusaliti, tena bila kukupigia hodi.

Kwa hiyo tusafiri pamoja siku moja, wewe na rafiki yako, kwa baiskeli juu ya milima ya Alps huko Ulaya. Hutahitaji pasipoti wala nauli. Njoo tu na yale uliyosoma kwenye Fizikia na Baiolojia, maana leo yatafanya kazi nje ya darasa.

STELVIO NI WAPI?

Stelvio ni mpito wa mlima kaskazini mwa Italia, karibu kabisa na mpaka wa Uswisi. Mpito wa mlima ni pale ambapo safu ya milima inainama kidogo kati ya kilele na kilele, na barabara inapata nafasi ya kuvuka kwenda upande wa pili. Barabara ya Stelvio ilijengwa kati ya mwaka 1820 na 1825, wakati sehemu hizo zilipokuwa chini ya himaya ya Austria. Mhandisi wake aliitwa Carlo Donegani. Mahali pa juu kabisa ni mita 2,757 kutoka usawa wa bahari.

Ukipanda kutokea kijiji cha Prato, utakutana na kona kali 48, na kila kona ina namba yake. Namba zenyewe zinahesabu kurudi nyuma! Kona ya kwanza imeandikwa 48, na ukiona 1 ujue umekaribia kumaliza. Mashindano makubwa ya baiskeli ya Italia, Giro d'Italia, yalipita hapa kwa mara ya kwanza mwaka 1953. Tangu hapo kila mwendesha baiskeli wa Ulaya ana ndoto ya kupanda Stelvio.

Safari yetu ni ya mwanzoni mwa Oktoba, yaani wakati wa vuli yao. Usichanganye na vuli yetu ya mvua fupi. Vuli ya Ulaya ni majira ya kati ya joto na baridi kali, pale majani yanapobadilika rangi na kupukutika. Ni wakati mzuri sana wa kuendesha baiskeli: magari yamepungua na jua si kali. Lakini ni wakati wa hila. Asubuhi kuna jua, mchana theluji inaweza kuanguka. Baada ya hapo barabara hufungwa mpaka majira ya baridi yapite.

SAA 3 ASUBUHI: "KOTI LA NINI?"

Mko Prato, mita 900 na kidogo kutoka usawa wa bahari. Jua linawaka, joto ni nyuzi 15. Kuna baridi kidogo, lakini mkianza kukanyaga pedali mtapata joto. Rafiki yako anatoa koti kwenye begi lake na kuliacha mlikolala. "Linaongeza uzito tu," anasema. "Mimi nipo fiti!"

Hapo hapo ndipo kosa la siku linapofanyika, na hakuna anayeliona.

Kumbuka Jiografia ya darasani. Kadiri unavyopanda juu ndivyo hewa inavyozidi kuwa baridi. Kwa wastani, kila ukipanda mita 1,000 joto hupungua nyuzi 6.5 hivi. Kutoka Prato hadi juu ya Stelvio mtapanda zaidi ya mita 1,800. Piga hesabu: joto litapungua kama nyuzi 12. Wakati kijijini ni nyuzi 15, huko juu ni nyuzi 3 tu! Na hapo hatujataja upepo.

Basi mshawishi arudi kuchukua koti lake. Akikataa kata kata, weka la akiba kwenye begi lako. Utalihitaji.

KUPANDA: MWILI NI JIKO

Mnaanza. Barabara inafuata mto, kisha inaingia msituni. Mkifika kijiji cha Trafoi, mita zaidi ya 1,500, mtaona miti ya jamii ya misonobari ambayo sindano zake zimegeuka kuwa njano kama dhahabu. Juu yake unaonekana mlima Ortler, mita 3,905, umevaa kofia yake ya barafu. Simameni, tazameni. Kupumzika si uvivu.

Sasa tuangalie kinachotokea ndani ya mwili. Tuseme wewe una kilo 60, na baiskeli pamoja na mizigo ina kilo 20. Jumla ni kilo 80. Kazi ya kuinua kilo 80 mpaka mita 1,840 ni uzito mara mvutano wa dunia mara kimo:

80 × 10 × 1,840 = juli 1,472,000, yaani karibu kilojuli 1,470.

Lakini subiri! Misuli si mashine ya miujiza. Katika nishati yote inayotumia, kama robo tu ndiyo inayokuwa mwendo. Robo tatu zinazobaki hugeuka kuwa joto. Kwa hiyo ili upate kilojuli 1,470 za kupanda, mwili unatumia mara nne yake: karibu kilojuli 5,900, au kilokalori 1,400. Hiyo ni nishati inayopatikana kwenye unga wa mahindi wa gramu karibu 400. Ugali wa nguvu huo!

Kumbuka mambo mawili kutokana na hesabu hii.

Kwanza, lazima ule. Mwili una akiba ya sukari kwenye ini na misuli, lakini akiba hiyo haidumu siku nzima ukiwa unapanda. Ikiisha, miguu inakuwa kama ya kuazima, kichwa kinazunguka, na unakasirika bila sababu. Wataalamu wa michezo wanashauri gramu 30 hadi 60 za wanga kwa kila saa ya kazi ya namna hii. Ndizi mbivu moja ya kawaida ina gramu 25 hivi, kwa hiyo ndizi mbili kwa saa zinatosha kukusukuma. Usingoje njaa ikuume. Kunywa maji pia, fundo moja moja njia nzima, hata kama husikii kiu. Wakati wa baridi kiu hujificha, lakini jasho na pumzi bado vinaondoka na maji yako.

Pili, wakati wa kupanda wewe ni jiko linalowaka. Ndiyo maana fulana moja inakutosha hata kukiwa na baridi. Unajisikia shujaa. Unaweza hata kumcheka mtu aliyevaa koti. Lakini joto hilo linatokana na kazi ya misuli yako. Siku ya leo haina joto hilo. Siku kazi ikisimama, jiko linazimika.

Polepole, kilomita 8 kwa saa au pungufu, mnazihesabu kona. 30... 20... 10... Miti imekwisha, kumebaki majani makavu na mawe. Pumzi inakuwa fupi, kwa sababu kwenye kimo hiki msukumo wa hewa ni kama asilimia 72 ya ule wa pwani. Kila pumzi ina oksijeni kidogo kuliko ulivyozoea. Usishindane na mtu. Mwendo mzuri ni ule unaokuwezesha kuongea na mwenzako sentensi nzima.

SAA 6 NA NUSU MCHANA: KILELENI

Mmefika! Mnapiga picha, mnacheka, mnapongezana. Mawingu yametanda na upepo unavuma. Kwa dakika tano za mwanzo hamsikii baridi hata kidogo.

Shika fulana yako mgongoni. Imelowa, siyo? Hilo ni tatizo. Ili jasho likauke linahitaji joto, na joto hilo linalipata kwenye ngozi yako. Nusu lita ya jasho ikikauka mwilini huondoka na kilojuli kama 1,200 za joto. Wakati wa kupanda ilikuwa neema, maana ilikupoza. Sasa jiko limezimika, lakini kupozwa kunaendelea.

Kwa hiyo fanya haya KABLA ya kupiga picha: ingia mahali pasipo na upepo, vua fulana iliyolowa, vaa kavu, kisha koti lisilopitisha upepo, kofia nyembamba chini ya helmeti, na glovu. Ukikosa koti, hata magazeti uliyoyakunja na kuyaweka kifuani ndani ya fulana kavu yanasaidia kuzuia upepo. Waendesha baiskeli wa Ulaya wamefanya hivyo miaka mingi. Kunywa kitu cha moto chenye sukari. Dakika kumi hizo ni za thamani kuliko picha mia.

MTEREMKO: UPEPO UNAOUTENGENEZA MWENYEWE

Mnashuka upande wa pili kwenda mji wa Bormio, zaidi ya kilomita 20 na karibu mita 1,500 za kuteremka. Hukanyagi pedali, kwa hiyo misuli haitoi joto. Halafu unakwenda kasi, na kasi ni upepo. Hewa ya nyuzi 3 ukiipita kwa kilomita 40 kwa saa, ngozi iliyo wazi inapoa kama vile hewa ni nyuzi 3 chini ya sifuri. Hata kama hakuna jani linalotikisika, upepo huo umeutengeneza wewe mwenyewe.

Sasa fikiria vidole. Mwili ukipata baridi hupunguza damu inayokwenda mikononi na miguuni ili kuulinda moyo na ubongo. Ni mpango mzuri, lakini breki unazishika kwa nini? Kwa vidole! Vikifa ganzi, kona inakuja na mkono haubani. Mtu anaanguka, na watu wanasema breki zilikatika. Breki zilikuwa nzima. Ni vidole vilivyokufa ganzi.

Basi shuka hivi: punguza mwendo kabla ya kona na siyo katikati yake. Usibane breki mfululizo, bana na uachie, ili rimu zisipate moto kupita kiasi. Jihadhari na majani yaliyolowa, yanateleza kama sabuni. Washa taa, maana njiani kuna mahandaki. Na kila baada ya dakika chache simama, pashana mikono joto, zungumza na mwenzako. Hilo la kuzungumza tutalirudia sasa hivi.

"NIPO POA"

Yule rafiki yako aliyeacha koti anatetemeka. Unamwuliza, "Vipi mshikaji, upo sawa?" Anajibu, "Nipo poa, twende tu." Kona tatu baadaye anaongea kama mtu aliyekunywa pombe. Anajaribu kufungua chupa ya maji, inamponyoka. Unamwambia msimame, anakununia: "Acha woga."

Msomaji, hapo hakuna utani tena. Joto la ndani la mwili wa binadamu ni karibu nyuzi 37. Likishuka chini ya 35, madaktari huiita hali hiyo hipothemia, yaani mwili kupoa kupita kiasi. Ubaya wa hali hii ni kwamba inaugusa ubongo mapema. Anayepatwa nayo ndiye wa mwisho kujua! Kwa hiyo neno "nipo poa" kutoka kwa mtu anayetetemeka si ushahidi. Ushahidi ni dalili, nazo ni rahisi kukumbuka:

• Ulimi mzito: anaongea kwa kuvuta maneno.
• Mikono mizito: anadondosha vitu, hawezi kufunga zipu.
• Miguu mizito: anajikwaa, anayumba.
• Akili nzito: ananuna, anasahau, anaamua mambo ya ajabu.

Na hii usiisahau kamwe: mtu aliyekuwa akitetemeka akiacha kutetemeka na bado ni wa baridi, hajapona. Amezidiwa.

HATA MABINGWA

Unadhani haya ni ya wanafunzi wasio na uzoefu? Tarehe 5 Juni 1988, mashindano ya Giro d'Italia yalipita mlima Gavia, jirani na Stelvio, kuteremka kwenye mji huo huo wa Bormio. Theluji ilianguka. Mholanzi Johan van der Velde alifika kileleni wa kwanza, akiwa na jezi ya mikono mifupi. Katika mteremko baridi ilimshinda, ikabidi atafute mahali pa kujihifadhi. Alifika mwisho zaidi ya dakika 40 nyuma ya mshindi. Mmarekani Andy Hampsten hakuwa wa kwanza kileleni, lakini timu yake ilikuwa imejiandaa kwa nguo za baridi na vinywaji vya moto. Alimaliza wa pili siku hiyo, akachukua jezi ya uongozi, na mwishowe akawa Mmarekani wa kwanza kushinda Giro.

Wote wawili walikuwa na miguu ya chuma. Tofauti yao kubwa ilikuwa nguo.

UFANYE NINI?

Rudi kwa rafiki yako barabarani. Usibishane naye. Usimwache aendelee, na usimwache peke yake.

1. Msimamishe. Mtoe kwenye upepo: nyuma ya ukuta, ndani ya nyumba, au hata ndani ya gari la watu mtakaowaomba msaada.
2. Mvue nguo zilizolowa, mvishe kavu. Mfunike kichwa na shingo. Mtenge na ardhi kwa begi au blanketi.
3. Mpashe joto kifuani kwanza, siyo mikononi na miguuni. Kukumbatiana ndani ya blanketi moja ni huduma ya kwanza, usione aibu.
4. Kama ana fahamu zake na anameza vizuri, mpe kinywaji cha moto chenye sukari na kitu cha kula.
5. Usimsugue mikono na miguu, na usimpe pombe hata tone. Pombe hufungua mishipa ya damu kwenye ngozi. Mtu huhisi joto, kumbe joto lake ndiyo linakimbia nje.
6. Akiwa amechanganyikiwa, ameacha kutetemeka au amezimia, mlaze, mshughulikie taratibu bila kumtikisa, na ita msaada mara moja. Ulaya namba ya dharura ni 112.

Lakini dawa bora ilikuwa kabla ya haya yote. Ilikuwa asubuhi kijijini, au kwenye kona namba 20 mawingu yalipoanza kutanda. Mngeweza kusema, "Leo basi, turudi." Najua si rahisi. Umetoka mbali, umechoka, na hakuna anayetaka kuitwa mwoga. Kwa hiyo pangeni mapema, wakati akili bado ina joto: mtageuka saa ngapi, mtageuka hali ya hewa ikiwaje, na mmoja wenu akisema "turudi" mwingine hatamcheka. Stelvio iko pale tangu enzi. Haiendi popote.

NA WEWE ULIYE HUKU?

Pengine unasema, "Mimi na theluji wapi na wapi?" Usijidanganye, baridi haina uraia. Uwanda wa Kitulo, kusini mwa Tanzania, uko juu sawa na Gavia. Ukiteremka kwa baiskeli kutoka Lushoto kwenda Mombo unashuka karibu mita 1,000. Ukinyeshewa mvua ukiwa nyuma ya pikipiki, asubuhi ya Julai huko Njombe, mwili wako unafuata kanuni zile zile: nguo iliyolowa, upepo, na misuli isiyofanya kazi. Na yule mwenzako anayesema "nipo poa" huku meno yanagongana, unamfahamu. Labda ni wewe.

JIPIME

1. Kwa nini fulana moja inatosha wakati wa kupanda, na haitoshi wakati wa kushuka?
2. Rafiki yako ameacha kutetemeka lakini bado ni wa baridi na anaongea ovyo. Amepona?
3. Nani anafaa kuamua kama mwenye baridi aendelee na safari: yeye au wewe?

Majibu: (1) Kupanda kunafanya misuli itoe joto. Kushuka misuli imepumzika, upepo na jasho vinaondoka na joto. (2) La, amezidiwa. Ita msaada. (3) Wewe, kwa kuangalia dalili, maana baridi huanza kwa kumwibia mtu uamuzi wake.

Safari njema. Na koti usiliache!